Meza ya ndege uani: shajara ya masika moja

Februari 22

Meza imesimama. Ni ubao wa sanduku la nyanya, umepigiliwa juu ya nguzo ya mkandaa iliyobaki tulipojenga choo cha nje, hatua nane kutoka kibarazani. Uani petu, hapa Tanga, kuna mwarobaini, mstafeli, mipapai miwili na mnazi mmoja ambao minana, wale ndege wanaosuka viota, huuchana makuti kila mwaka mpaka unabaki kama ufagio uliochoka.

Chanzo cha mradi ni mama. Tangu nikiwa mdogo, kila asubuhi hutoka na sufuria akawamwagia ndege ukoko na wali wa jana. Mwaka jana mpwa wangu, wa darasa la tatu, akaniuliza: "Mjomba, na watoto wao wanakula wali?" Nikamwambia ndiyo, kwa sauti ya mtu mzima anayejua. Sikuwa najua. Sasa nataka nijue kabla masika hayajaisha: nikiweka chakula mezani wakati wa makinda, kinafika kiotani? Na kikifika, kinamfaa kinda au kinamdhuru?

Machi 2

Wiki ya kwanza niliweka kila kilichokuwepo jikoni: wali wa nazi, vipande vya boflo, chenga za mchele, mtama kidogo na dagaa niliowatwanga. Nimekwisha kuondoa vitatu.

Wali wetu umepikwa kwa chumvi, kama wali wa kila nyumba hapa. Mtu wa kilo 60 hata haisikii chumvi hiyo, lakini shomoro hana hata gramu 35, na figo zake haziwezi kuitoa chumvi nyingi. Tena kwa joto hili wali wa nazi ukiwekwa saa moja asubuhi, kufika adhuhuri umekwisha kuchacha. Dagaa nao ni kosa lile lile kwa mlango mwingine, maana wa kwetu pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Nilidhani nawapa protini, kumbe nawapa chumvi.

Boflo hausemwi kuwa ni sumu. Ubaya wake ni kushibisha bila kulisha, na kinda ana siku chache mno za kukua. Kila tonge la mkate linachukua nafasi ya kiwavi. Ukiota ukungu ndipo unakuwa sumu hasa.

Zimebaki chenga na mtama. Mama amenitazama nikikwangua wali mezani, akasema, "Ndege wangu miaka yote hawajafa." Sikubishana naye.

Machi 10

Kunguru. Jana 6, leo asubuhi nimehesabu 19 juu ya paa, na nina hakika walikuja kwa ajili ya wali wa wiki ile. Kunguru hawa si wenyeji wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji, kisha wakavuka maji wakaenea pwani yote. Takataka walizila kweli. Wakala na mayai ya ndege wengine, na makinda.

Chozi, kile kindege chenye mdomo mwembamba uliopinda, ana kiota kwenye waya wa kuanikia nguo, pale pembeni ya kibaraza. Kifuko cha nyuzi na majani makavu, kimefungwafungwa kwa utando wa buibui, kina kidirisha kando chenye kijikofia. Mama amehamisha nguo bila kuambiwa na mtu.

Machi 14

Kiota cha chozi kimechanwa. Niliamka kwa kelele zao, nikatoka na taulo, nikamkuta kunguru mmoja kwenye waya na mwingine chini anaokota. Kulikuwa na makinda mawili ya siku nne au tano hivi. Jana nilikuwa nimeyachungulia kwa kioo cha kunyolea.

Niandike tu ilivyo: meza ilikuwa hatua nane kutoka kwenye kile kiota, na juu yake mimi mwenyewe niliweka chakula cha kunguru. Nilitumia karibu wiki tatu kuuliza ni chakula gani ni salama kwa kinda akikila, sikuuliza ni chakula gani kinamwita mlaji wake.

Machi 16

Marekebisho. Meza imehamia nyuma, upande wa mwarobaini, mbali na kibaraza. Nimeizungushia wavu wa kuku wenye matundu ya inchi mbili: shomoro, minana na wale vindege wadogo wenye tumbo jeupe wanapenya, kunguru anabaki anachungulia. Tetere, yule njiwa mdogo wa porini, hapenyi, kwa hiyo yeye namtupia mtama chini alfajiri, kiasi cha kikombe cha kahawa, na kinachobaki nakifagia kabla ya saa mbili. Chakula kilichopikwa hakiwekwi tena.

Mama nimemweleza habari ya chozi. Amekubali kuhusu wali, ila ukoko amesema tutazungumza.

Machi 24

Mvua imeanza kwa heshima zake. Leo nimefanya kazi niliyokuwa naikwepa: kukaa kitini saa nzima, kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi, na kalamu, nikitazama kiota cha shomoro chini ya bati la jirani.

Wazazi wawili wameingia kiotani mara 14. Mara 11 nimeona vizuri kilichokuwa mdomoni. Viwavi vya kijani mara 6, panzi mara 3, nondo mmoja, na mdudu mmoja mwenye miguu mirefu ambaye nadhani ni buibui. Chenga ya mchele: sifuri. Mtama: sifuri. Na mama shomoro huyo huyo, kati ya safari na safari, alikuwa anashuka mezani kwangu, anadonoa chenga zake tano sita, anafuta mdomo ubaoni, anakwenda kutafuta kiwavi.

Nimekaa na karatasi ile muda mrefu. Shomoro na minana tunawajua kwa nafaka; mkulima wa mpunga huko bondeni haniambii kitu kingine juu yao. Lakini mtoto wao hawamlishi nafaka siku za mwanzo. Kinda anazaliwa uchi, kipofu, na baada ya wiki mbili na ushei anatakiwa awe na misuli na manyoya ya kurukia. Hilo halijengwi kwa wanga. Linajengwa kwa mdudu, tena mdudu laini, mwenye maji ndani, kwa kuwa kinda haji karaini kunywa; maji yake yote yamo katika chakula.

Kwa hiyo meza yangu ni mgahawa wa wazazi. Si haba, maana mzazi aliyeshiba haraka anapata muda zaidi wa kuwinda. Ila jibu la swali la mpwa wangu ni hapana, nami nilimwambia ndiyo.

Tetere amejitenga na hesabu hii. Yeye na mumewe hutengeneza uji mzito kwenye mfuko wa kooni, maziwa ya njiwa, na kinda huingiza kichwa kinywani mwa mzazi akanywa. Na wale vindege wadogo wenye tumbo jeupe hulisha makinda yao mbegu changa za nyasi, wanazitapika zikiwa zimelainika. Ndiyo maana sijakata majani ya nyuma ya choo, na ndiyo maana baba mdogo alipopita Jumapili aliuliza kama nimehama nyumba.

Machi 31

Karanga. Hapa nitakaa kidogo.

Muuza duka wa sokoni aliniuzia karanga "za ndege" kwa bei ya chini. Nikauliza kwa nini ni rahisi. Akajibu bila aibu kwamba watu hawazitaki, zimesinyaa, zina vumbi la kijivu. Karanga za namna hiyo ndizo zenye hatari ya sumukuvu, na sumukuvu ilijulikana kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, wengi wao wakiwa vifaranga, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yaliyoota kuvu. Ini la ndege mchanga halihimili sumu hiyo. Wala la binadamu: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliuguza watu 317 upande wa mashariki ya Kenya, wakafa 125.

Kuosha hakuitoi. Kukaanga hakuimalizi. Haina ladha ya kumuonya ndege wala mtu. Basi kanuni yangu ni moja: karanga ambayo nisingempa mpwa wangu, siiweki mezani. Zile za bei ya chini nimezichimbia shimo. Kumpa kuku wa jirani ni kuhamisha msiba.

Karanga nzuri nazo, msimu huu, haziwekwi nzima. Mzazi mvivu, au mzazi aliyekosa wadudu kwa mvua ya siku tatu, anaweza kumpelekea kinda punje nzima, nayo ikamkaba. Nimezitwanga mpaka zikawa kama chenga, mbichi, bila chumvi, nikaweka kijiko kimoja tu. Zimeliwa kwa dakika kumi.

Na onyo ambalo nilikaribia kulihitaji mwenyewe: mbegu za kupandia zenye rangi nyekundu, waridi au kijani zimepakwa dawa. Kulikuwa na nusu pakiti ya mahindi hayo stoo, na mama alikuwa ameshaichukua mkononi. "Nilitaka nizipondee ndege," akasema. Sasa pakiti iko juu ya kabati, ndani ya kopo, na nimeiandikia.

Aprili 6

Babu wa nyumba ya pili amekuja kulalamika. Nimempa shikamoo, nikamletea kiti, akakataa kukaa, ishara kwamba mambo si madogo. Kuku wake wawili wamesinzia na anaogopa mdondo. Ndege wangu, anasema, wanakula kwangu wanakwenda kunya kwenye banda lake.

Siwezi kusema amekosea. Ndege wengi wakikutana kwenye sahani moja, ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote. Hata tetere hupokezana vidonda vya koo kwa kunywa chombo kimoja. Tumekubaliana: ubao nitausugua kwa maji ya moto na sabuni kila siku mbili, na kuukausha juani, maji ya karai nitayabadilisha kila asubuhi (na mbu watakosa pa kuzalia, jambo lililompendeza zaidi), na nikiona ndege aliyejikunyata, manyoya yamevimba, nafunga meza wiki mbili. Kuku, kwa taarifa, wamepona. Walikuwa wamenyeshewa.

Baada ya hapo ndipo akakaa, akauliza makinda nawapa nini. Nikamwambia shida yangu ni wadudu. Akacheka. "Mjukuu wangu, wewe umesoma halafu unakosa mchwa?"

Akanionyesha. Unachukua chungu kibovu au ndoo iliyotoboka, unaijaza samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, unanyunyiza maji mpaka yawe na unyevu, unaipindua juu ya njia ya mchwa jioni. Alfajiri unainua. Ukichelewa jua likapata joto, wameshuka. Ndivyo alivyokuza vifaranga vyake miaka yote, na ndivyo mama yake alivyofanya huko Muheza. Nilikuwa nimeulizia bei ya wale funza wa nzi mweusi wanaofugwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Ni chakula kizuri, ila huuzwa wakiwa wakavu, lazima uwaloweke kwanza, la sivyo kinda anapewa kitu kinachomnyonya maji. Mchwa wa Babu ni bure na wana maji yao.

Sharti moja alilolitia mwenyewe: usitege karibu na nyumba iliyopigwa dawa ya mchwa.

Aprili 8

Chungu cha kwanza: mchwa kama mikono miwili. Nimewaweka kwenye sinia lenye kingo, ndani ya wavu. Shorewanda, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, sisi nyumbani tunamwita shore tu, amepita wavuni kana kwamba alizaliwa humo. Ametua, amekusanya watatu, amekwenda moja kwa moja kwenye mstafeli. Dakika nne amerudi.

Hii ndiyo mara ya kwanza nimeona chakula nilichokiweka mimi kikifika kiotani. Nimemwita mama aje aone. Akasema, "Haya."

Aprili 13

Kumbikumbi! Mvua ya jana usiku imewatoa. Nilizima taa zote nikaacha moja juu ya beseni la maji, nikapata nusu beseni. Asubuhi sikuweka kitu kingine. Mke wa kaka, ambaye kwao ni Tabora, alinitazama nikiwamwagia ndege kumbikumbi akatikisa kichwa kama mtu anayeona nyama ikitupwa. Robo amechukua yeye.

Aprili 21

Minana wamefika wiki ya pili ya makinda na kelele ni za soko la samaki. Nimetazama tena, saa nzima. Jike ndiye mwenye kazi nyingi: panzi, viwavi, mara moja kipande cha kitu ambacho sikukitambua.

Viwavi vingi wanavitoa kwenye tuta la mchicha la mama, na hapo tumegongana. Majani yametobolewa, na mama alitaka anyunyize dawa kama mwaka jana. Nikamwambia kiwavi aliyepigwa dawa hafi papo hapo; anatambaa kwa uzito, na huyo ndiye mnana anayemwona kwanza. Anampeleka nyumbani. Mama akafikiri. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia, "Kuku mwenye watoto halengwi jiwe," akarudisha bomba stoo. Mchicha wa wiki hii tumekula wenye matundu.

Nimeongeza maganda ya mayai, yaliyokaushwa kwenye jiko la mkaa mpaka yanavunjika kwa vidole, kisha kusagwa. Jike anayetaga anahitaji chokaa, na kinda anayeota mifupa anaihitaji zaidi. Huko Uholanzi, miaka ya 1990, watafiti walikuta ndege wa msituni wakitaga mayai yenye maganda mabovu. Udongo ulikuwa umeingia asidi, konokono wakapungua, na konokono ndio walikuwa duka lao la chokaa. Lakini sisi tumejenga juu ya matumbawe na konokono wanapanda mpaka mlangoni, na maganda yangu yamekaa siku tano bila kuguswa sana. Nadhani hapa si shida yetu. Nitayaacha tu, hayaozi.

Aprili 28

Mvua siku nne mfululizo. Chenga za kwenye kopo zimepata unyevu, zinanuka. Zote nimemwaga. Kuanzia sasa nanunua robo kilo, si kilo mbili.

Mei 5

Kinda la shore limeshuka chini, mkia bado kisiki. Nilipotoka kazini nimemkuta mpwa wangu amelibeba ndani ya kofia, akilinywesha maziwa kwa kijiko. Ana boflo mkononi pia.

Sikumfokea, maana vitu hivyo vyote mimi mwenyewe ningevifanya miezi mitatu iliyopita. Nikamweleza: ndege hana uwezo wa kuyasaga maziwa, yatamharisha. Maji au maziwa ukiyamimina kinywani yanaingia kwenye njia ya hewa, iko hapo nyuma ya ulimi, anazama akiwa mikononi mwako. Na huyu hakuanguka, ameruka; shore huondoka kiotani kabla hawajaweza kuruka sawasawa. Mama yake yuko pale juu anatutukana.

Tumelirudisha kwenye kichaka cha mstafeli, juu kidogo, asikofika paka, tukakaa kibarazani. Dakika 20. Mama shore akaja na kipande cha papai bivu kutoka kwenye tunda nililokata asubuhi, akalilisha. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, papai limefika." Kweli. Matunda yetu yanawafaa shore na watoto wao: papai, ndizi mbivu, embe likipatikana. Parachichi ndilo nililolikataza, lina kitu ndani yake kinachoua ndege. Kwa kasuku na ndege wa kufugwa inajulikana vizuri, na sioni sababu ya kuwajaribu hawa wa uani.

Mei 18

Chozi amerudi, na amechagua tena waya wa kibarazani. Mara hii ninaacha tando za buibui kwenye pembe zote za dari. Anazitumia kujengea, na buibui wenyewe ni chakula cha makinda yake. Watu walinishauri maji ya sukari. Mzazi angeyanywa, lakini kinda wa chozi halelewi kwa sukari, analelewa kwa buibui na wadudu wadogo, nao wako tayari kwenye maua ya mpapai bila msaada wangu. Watafiti wa Glasgow waliandika mwaka 2007 juu ya vindege vya kwao ambavyo hulisha makinda buibui wengi katika siku za mwanzo, huenda kwa sababu ya taurini, kirutubisho kilichomo mwilini mwa buibui. Makinda yaliyopewa taurini ya ziada yalikuwa na ujasiri zaidi yalipokua. Nimemsomea mama. Ameacha kufagia dari, kwa furaha kubwa kuliko nilivyotarajia.

Kunguru leo: 3, wote juu ya paa la jirani.

Mei 27

Mama chozi ameatamia, mdomo wake uliopinda unachungulia dirishani. Wavu wa meza una kutu, nitaubadilisha Jumamosi. Mtama umebaki kama kibaba. Chungu cha mchwa kinatoa kidogo sasa kwa kuwa ardhi imelowa, nimekihamishia kwenye mwinuko.

Mama bado anatoka na sufuria kila asubuhi. Akifika kwenye ngazi anageuka kushoto, ukoko unakwenda kwa kuku wa Babu.